Si Ujinga: Mbona Barua Pepe za Matapeli Bado Zinatunasa

"Usibonyeze linki usiyoijua." Onyo hili umelisikia redioni, kwa benki na hata hapa kwetu. Basi mbona watu bado wanapoteza pesa kupitia barua pepe feki?

Jibu rahisi ni kusema walioibiwa hawajui teknolojia. Lakini ingekuwa hivyo, kampuni kubwa zingepona. Kati ya 2013 na 2015, raia mmoja wa Lithuania alitumia barua pepe na ankara bandia kuzitapeli Facebook na Google, akijifanya kampuni ya Taiwan ambayo kweli zilikuwa zikifanya nayo biashara. Zilimlipa zaidi ya dola milioni 100. Alikuja kukamatwa, na 2019 akahukumiwa kifungo cha miaka 5 Marekani. Waliolipa ankara zile hawakuwa washamba wa kompyuta. Waliletewa tu kitu walichokuwa wamezoea kuletewa.

Hapo ndipo mtego ulipo.

Tapeli anavizia unachongoja

Juni ikifika, Wakenya wanakimbizana na ritani za KRA kabla ya tarehe 30. Barua pepe ikikuambia "Rejesho lako la kodi liko tayari, thibitisha hapa", haikushtui, maana mawazo yako tayari yako huko. Aliyetuma maombi ya kazi hashangai kuitwa mahojiano, halafu aambiwe atume pesa kidogo ya usajili. Mwenye duka naye akiambiwa akaunti yake ya malipo itafungwa, roho inaruka kabla hajafikiria.

Na si ati tapeli anakujua. Barua ileile ametuma kwa maelfu ya watu. Anachohitaji ni imfikie mmoja anayengoja kitu kama hicho.

Haraka na skrini ndogo

Angalia maneno yao: "ndani ya saa 24", "onyo la mwisho". Lengo ni ufanye kwanza, ufikirie baadaye. Na mara nyingi uko kwa matatu, simu mkono mmoja, nauli mkono wa pili.

Simu nayo inaficha mengi. Programu nyingi za barua pepe huonyesha jina la mtumaji tu, na jina hilo mtu yeyote anaweza kujiandikia. Gusa jina uone anwani kamili. Linki pia inadanganya. Ukiona kitu kama kra.go.ke.rejesho-lako.com/ingia, usitulizwe na "kra" iliyo mwanzoni. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha soma yaliyo kabla yake kabisa. Hapo mwenyewe ni rejesho-lako.com. Tovuti ya serikali ingeishia na .go.ke mahali hapo.

Kile kifuli kidogo kwa brausa je? Kinasema tu kwamba mawasiliano yako na tovuti hiyo yamefichwa. Hakisemi mwenye tovuti ni mtu mwaminifu.

PIN mbili, jina moja

Hapa Kenya kuna jambo lingine linalochanganya watu. KRA PIN ni nambari yako ya mlipa kodi, na ni kawaida kuiandika kwa fomu. PIN ya pesa ni siri yako peke yako. Fomu ikiuliza "PIN" baada ya nambari ya simu, ni rahisi mkono kuandika ile isiyofaa. PIN ya pesa unaiweka tu wakati wewe mwenyewe unafanya muamala. Haiandikwi kwa fomu ya barua pepe, hata ikiwa na nembo yetu. Sisi hatutawahi kukuuliza.

Vilevile, ukijaza nenosiri kwa tovuti feki halafu SMS yenye kodi ya kuthibitisha iingie, jua kuna uwezekano tapeli yuko kwa akaunti yako halisi sekunde hiyo hiyo, amekwama mlangoni. Kodi hiyo ndiyo ufunguo wake wa mwisho. Usiiandike, usimsomee mtu.

Pita njia yako mwenyewe

Matapeli wanaandika vizuri siku hizi, kwa hivyo kutafuta makosa ya spelingi hakutoshi. Kuna tabia moja inayoshinda zote: usitatue shida kupitia ujumbe uliokuletea hiyo shida. Wakisema akaunti inafungwa, funga barua hiyo, fungua programu yako mwenyewe uangalie. Wakisema KRA, andika anwani ya KRA kwa mkono wako. Bosi au muuzaji akituma nambari mpya ya kulipia, mpigie kwa nambari uliyokuwa nayo tangu zamani. Kama jambo ni la kweli, utalikuta huko. Kama ni uongo, utakuwa umepoteza dakika mbili tu.

Kama ushabonyeza

Usikae kimya kwa aibu, maana kila dakika inampa tapeli nafasi ya kuhamisha pesa. Tupigie mara moja kwa nambari iliyo ndani ya programu yetu, na uijulishe benki yako. Badilisha PIN, kisha nenosiri la barua pepe, kwa sababu huko ndiko maombi ya kubadilisha manenosiri mengine hutumwa. Usifute ile barua; ni ushahidi wa kupeleka polisi. Sheria ya 2018 ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni inautaja utapeli huu kuwa kosa la jinai.

Na kama kuna mzazi au shangazi nyumbani anayekuuliza "hii ni ya ukweli?", usimcheke. Akiogopa kuchekwa, siku nyingine atabonyeza bila kuuliza.