Kiambishi A- na Tafsiri ya Vitabu vya Waliovuka Mpaka wa Jinsia

Yajulikana kwa kila mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili kwamba ngeli ya watu haibagui mume na mke. Tukisema "alikuja, nikamwona", msikilizaji hajui kama aliyekuja ni bwana au bibi, wala sarufi haimtaki ajue. Jambo hili huonekana dogo, lakini huwa kubwa mfasiri anapokabiliwa na vitabu vinavyosimulia maisha ya watu waliozaliwa wakaitwa waume, kisha wakaishi kuwa wake, au kinyume chake. Nia ya makala haya ni kuonyesha mahali lugha yetu inaponyamaza, na mahali inaposema hata asipotaka msemaji.

Tutazame kwanza hasara. Katika Orlando, riwaya ya Virginia Woolf iliyotolewa mwaka 1928, kijana mwanamume analala na kuamka mwanamke. Mwandishi anabadili viwakilishi mbele ya macho ya msomaji, akikiri kwamba afanya hivyo kwa kufuata desturi tu. Kwa Kiswahili mzaha huo hauna pa kukaa, kwa kuwa "a-" ya jana ndiyo "a-" ya leo. Shida ni kubwa zaidi katika kumbukumbu za Herculine Barbin, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1838 akaandikishwa kuwa msichana, akatangazwa kisheria kuwa mwanamume mwaka 1860, akafa mwaka 1868. Michel Foucault alizichapisha upya mwaka 1978. Barbin hujisema mara kwa vivumishi vya kike, mara kwa vya kiume, na mageuzi hayo ni dalili ya msukosuko wa moyo wake. Mfasiri asiyetia maelezo chini ya ukurasa atakuwa amelifuta jeraha lenyewe.

Faida nayo ipo. Ursula Le Guin, katika The Left Hand of Darkness (1969), alibuni taifa la watu wasio na jinsia ya kudumu, akawaita wote kwa kiwakilishi cha kiume cha Kiingereza. Aliutetea uamuzi huo katika insha ya mwaka 1976, kisha baadaye akaukosoa mwenyewe. Mfasiri wa Kiswahili angeupita mtego huo bila hata kuuona.

Walakini tusijivune. Linalofichwa na kiambishi hufichuliwa na msamiati: bin na binti, shangazi na mjomba, na zaidi ya yote kitenzi "-oa", ambacho kwa desturi mume huoa na mke huolewa. Jan Morris, ambaye mwaka 1953 alipeleka gazetini habari za kupandwa kwa mlima Everest akiitwa James, alisimulia maisha yake katika Conundrum (1974). Mwaka 1949, kwa desturi ya lugha, Morris "alioa". Baada ya kupasuliwa Casablanca mwaka 1972, sheria ya Uingereza iliwalazimu wawili hao kutalikiana. Nao, wakiwa bado wanaishi pamoja, wakaunganishwa tena kisheria mwaka 2008. Je, hapo nani alioa na nani aliolewa? Kauli ya kutendana yatuokoa, maana "kuoana" hakumpi mmoja umbele juu ya mwenziwe.

Limebaki suala la majina. "Huntha", neno lenye asili ya Kiarabu, humhusu mtu aliyezaliwa na maumbile ya pande mbili, halimfai Morris. "Hanithi" limebeba dharau. "Shoga" lilikuwa neno la mapenzi baina ya wanawake marafiki, nalo likielekezwa kwa mwanamume hugeuka tusi. Mfasiri akichukua lolote kati ya hayo kwa uvivu, huwa amemhukumu mtu kabla msomaji hajamsikia. Heri maelezo marefu yaliyo sahihi kuliko neno fupi la matusi. Na kipimo kiwe hiki: je, mwenye maisha hayo angekubali kuitwa hivyo?