Pacha wa Kiwanda cha Sukari

Mama anayenunua sukari dukani Manyatta, mjini Kisumu, haoni taabu iliyoitangulia. Mkulima wa skimu za makazi za upande wa Muhoroni huiona: miwa imekatwa, trekta limefika langoni, na kiwanda kimesimama. Miwa ikilala juani hukauka, na sukari iliyomo huharibika, isiweze tena kuganda kuwa chembe.

Mara nyingine chanzo ni boila. Boila huwashwa kwa makapi ya miwa; makapi yakitoka kinuni yana maji mengi, moto hufifia na mvuke hupungua, nao mvuke ndio uendeshao mitambo. Tena, wasagaji hunyunyiza maji juu ya makapi ili kuosha sukari iliyosalia, na maji hayo yote sharti yachemshwe hata yaishe. Je, yanyunyizwe kiasi gani? Kujaribu katika kiwanda chenyewe ni kuchezea miwa ya watu.

Kwa hiyo wataalamu hutunga kiwanda cha pili, kisicho na chuma wala matofali. Ni hesabu zilizo ndani ya kompyuta, zifuatazo kanuni za maumbile: kila tani iliyoingia lazima ionekane ilikotokea, iwe sukari, molasi, makapi, matope au mvuke, na joto vivyo hivyo. Kisha vipimo vya kiwanda halisi huingizwa humo daima, ili viwili hivyo viende pamoja. Ndiyo maana huitwa pacha, jina ambalo NASA ya Marekani ililitumia mwaka 2010 kwa vyombo vya anga. Huko Durban, Afrika ya Kusini, taasisi ya utafiti wa usagaji wa miwa imekwisha kutunga hesabu za kiwanda kizima cha sukari.

Kuna faida nyingine, nami naiona kubwa kuliko ya mvuke. Malipo yakifuata utamu wa miwa, ugomvi huzuka: sukari ni haba kwa sababu miwa ilikuwa mibaya, au imepotelea kiwandani? Pacha aliyetungwa vema huonyesha ilipopotelea. Lakini yeye hula vipimo tu. Mzani ukikosea, naye hukosea, tena kwa tarakimu za kupendeza.

Basi andika siku na saa miwa yako ilipokatwa, ondoa udongo na majani makavu kabla ya kupakia, na cheti cha mizani ukitunze mpaka ulipwe.