Nani Atajibu? Dola na Raia katika Ukanda wa Dhahabu wa Shinyanga na Geita

Usukuma, eneo ambamo Shinyanga na Geita zimo, ulitawaliwa kwa amri za kilimo katika miaka ya 1950. Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, ulioanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1947, ulimlazimisha mkulima kulima kwa matuta, kupanda mihogo ya akiba, kung'oa mabua ya pamba baada ya mavuno na kupunguza ng'ombe wake. Waliotunga amri hizo walikuwa na hofu ya kweli juu ya mmomonyoko wa ardhi. Utekelezaji wake, hata hivyo, ulikabidhiwa kwa watemi na wanangwa, yaani watawala wa jadi na wasaidizi wao wa vijijini, na hapo ndipo uonevu ulipoota mizizi. Mtemi alisimamia amri, watu wake walimkamata mkaidi, na baraza lake ndilo lililomtoza faini au kumfunga. Aliyeonewa hakuwa na pa kushtakia, kwa sababu hatua iliyofuata juu ya mtemi ilikuwa ofisi ya bwana shauri, mkuu wa wilaya wa kikoloni, ambaye ndiye aliyezitaka amri hizo.

Watu walijipanga kwanza kupitia pamba. Wakulima walioibiwa kwenye mizani waliweka wapimaji wao wenyewe, na kutoka hapo vikakua vyama vya ushirika vilivyoongozwa na Paul Bomani, hadi kuundwa kwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria mwaka 1955. Ushirika ulikuwa na maana kubwa kuliko bei, kwani chama cha siasa cha TANU kilinyimwa uandikishaji katika sehemu kubwa ya Usukuma tangu muda mfupi baada ya kuanzishwa kwake mwaka 1954 hadi 1958. Mkutano wa chama cha siasa ulikuwa kosa. Mkutano wa wanachama wa ushirika ulikuwa halali, na ndani yake watu walijifunza kushika daftari, kuchagua viongozi na kudai hesabu.

Mvutano ulifika kilele Geita mwaka 1958. Gavana Edward Twining alitaka halmashauri za wilaya ziwe na wajumbe Waafrika, Wazungu na Waasia, na Geita ikachaguliwa kuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo. Wazungu na Waasia walioishi huko walikuwa wachache mno, na wananchi waliona kwamba halmashauri hiyo ni njia ya kuwapa wageni sauti juu ya ardhi yao. Waliikataa. Mikutano ilipopigwa marufuku na viongozi wao kukamatwa, umati ulishika njia, ukavuka ghuba na kuingia Mwanza kutaka kusikilizwa na mkubwa zaidi ya bwana shauri. Watu walikaa mjini kwa siku kadhaa. Polisi waliwatawanya kwa virungu na mabomu ya machozi.

Kutawanywa hakukuwa mwisho. Vijijini amri ziliachwa kutiiwa: ng'ombe hawakupelekwa kwenye majosho, matuta yaliachwa, na mabaraza hayakuweza kumfunga kila mtu. Gavana mpya, Richard Turnbull, aliyeingia katikati ya mwaka huo, alikuta gharama ya kulazimisha imezidi faida. Usimamizi wa amri za kilimo ukalegezwa, TANU ikaruhusiwa kufungua matawi Usukuma, na halmashauri ya Geita ikafa. Umati ule unastahili kukumbukwa kwa jambo moja hasa, nalo ni kukataa kurudi nyumbani na jibu la mtu yuleyule waliyekuja kumlalamikia.

Uhuru ulibadilisha waliokalia viti, lakini mamlaka ya kumkamata mtu bila kesi yalibaki, na kwa namna fulani yaliongezeka. Sheria ya Kuwaweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962 ilimpa Rais uwezo wa kumfungia mtu bila mashtaka. Sheria za mwaka huohuo ziliwapa wakuu wa mikoa na wa wilaya uwezo wa kumweka mtu rumande kwa saa 48, uwezo ambao bado umo katika sheria za tawala za mikoa. Utemi ulifutwa mwaka uliofuata. Katika Operesheni Vijiji, kampeni ya serikali ya miaka ya 1970 ya kuwakusanya watu katika vijiji, watu walihamishwa kwa nguvu na baadhi ya nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Mei 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vyote vya ushirika nchini. Usukuma ukapoteza chombo ambacho ulikitegemea kuwabana wenye mamlaka, na ukakipoteza katika mwaka mbaya kuliko yote.

Mwaka huo wa 1976 serikali iliendesha msako mkubwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga dhidi ya mauaji ya vikongwe waliodhaniwa kuwa wachawi. Tatizo lilikuwa la kweli. Wanawake wazee walikatwa mapanga, mara nyingi kwa kisingizio cha macho mekundu, ambayo chanzo chake ni moshi wa miaka mingi jikoni. Polisi na maofisa wa usalama walikamata mamia ya watu na kuwatesa ili wakiri. Baadhi walifia mikononi mwa waliowahoji. Kazi iliyoanza kwa kuwalinda wanyonge ikageuka kuwa unyama mwingine, na kila aliyeuhoji angeweza kuambiwa kuwa anawatetea wauaji. Kisingizio cha aina hiyo ni hatari kwa sababu kina nusu ya ukweli ndani yake.

Habari zilipomfikia Rais Julius Nyerere, uchunguzi uliamriwa. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, pamoja na Peter Siyovelwa aliyekuwa waziri katika Ofisi ya Rais, na wakuu wa mikoa Peter Kisumo wa Mwanza na Marco Mabawa wa Shinyanga. Mwinyi hakuwa amemtesa mtu yeyote wala kuagiza mateso. Alijiuzulu kwa sababu yaliyotendeka yalitendwa na watu wa wizara yake. Maofisa kadhaa wa polisi na usalama walifikishwa mahakamani na kufungwa. Katika historia ya Tanzania ni vigumu kupata mfano mwingine ambapo mateso ya raia wa kawaida yaliwafikia wakubwa kwa kiwango hicho. Lakini uwajibikaji huo ulitoka juu na ulitegemea dhamiri ya watu wachache. Wakati huo Katiba haikuwa na orodha ya haki za binadamu. Haki hizo, pamoja na katazo la kumtesa mtu katika ibara ya 13, ziliingizwa mwaka 1984, na mahakama ziliruhusiwa kuzisimamia kuanzia 1988 tu.

Miaka 20 baada ya msako ule, Bulyanhulu ilionyesha mambo yanavyokuwa pale uwajibikaji usipokuja. Katika eneo hilo, wakati huo likiwa Wilaya ya Kahama na sasa Msalala, wachimbaji wadogo walikuwa na maduara yao, yaani mashimo ya kuchimbia, masoko yao na kamati yao. Kampuni ya Kahama Mining Corporation, tanzu ya Sutton Resources ya Kanada, ilipata leseni juu ya eneo hilohilo mwaka 1994. Mwishoni mwa Julai 1996 Waziri wa Nishati na Madini, William Shija, aliwaamuru wachimbaji waondoke haraka. Kamati ya wachimbaji ilikimbilia Mahakama Kuu kuzuia uhamishaji. Agosti, polisi wakiwa wamesimamia, watu waliondolewa na maduara yakafukiwa kwa mitambo.

Wachimbaji walidai kwamba wenzao zaidi ya 50 walikuwa bado chini na kwamba walifukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni zilikanusha. Shirika la wanasheria wa mazingira, LEAT, likiwa na Rugemeleza Nshala na Tundu Lissu, lilikusanya majina, ushahidi wa ndugu na picha za video, na kutaka uchunguzi huru. Barrick ilikuwa imeinunua Sutton mwaka 1999, na uwekezaji huo ulikatiwa bima na MIGA, tawi la Benki ya Dunia. Ndiyo maana malalamiko yalipelekwa Washington kwa msuluhishi wa malalamiko wa benki hiyo, ambaye mwaka 2002 alihitimisha kwamba hakuona msingi wa kuyathibitisha madai ya vifo. Nyumbani, Novemba 2001 polisi walipekua ofisi za LEAT, na baadaye Lissu, Nshala na mwanasiasa Augustine Mrema walikabiliwa na mashtaka ya uchochezi. Tume huru ya majaji haikuundwa.

Tofauti ya 1976 na 1996 imo hapo. Katika tukio la kwanza dola iliwauliza maofisa wake watu walikufaje. Katika la pili waliouliza ndio walioitwa na polisi. Mtu anaweza kutilia shaka ushahidi wa LEAT, na wapo walioutilia shaka kwa hoja za haki. Dawa ya ushahidi wenye shaka ni kuuchunguza hadharani, chini ya kiapo, mbele ya jaji. Kumshtaki aliyeuleta hakuthibitishi kwamba maduara yalikuwa matupu.

Kelele za dhahabu zilirudi mwaka 2007. Mbunge Zitto Kabwe alisimamishwa kuhudhuria Bunge Agosti mwaka huo baada ya kutaka ichunguzwe namna mkataba wa mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulivyosainiwa London. Adhabu ilimjenga badala ya kumzima. Mikutano ya hadhara ilijaa, na Novemba Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati ya kuangalia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, ndugu wa Paul Bomani wa ushirika wa pamba, na Zitto akawa mjumbe wake. Wakati huohuo familia zilizoondolewa Mtakuja karibu na mgodi wa Geita zilikuwa zikiishi kambini mjini Geita. Machi 2008 viongozi wa Kikristo na Kiislamu, kupitia CCT, TEC na BAKWATA, walitoa kwa pamoja ripoti juu ya kile ambacho nchi ilikuwa ikipata na kukosa kutokana na dhahabu. Matokeo ya msukumo huo yalionekana katika Sheria ya Madini ya mwaka 2010, iliyopandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4. Kuhusu fedha, basi, wananchi walisikilizwa. Kuhusu waliofukuzwa na waliodaiwa kufa, sheria hiyo haikuwa na la kusema.

Njia za kumwita mwenye mamlaka ajibu zipo leo, ila si zote zilizo wazi kwa kiwango kimoja. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 inataka kifo cha ghafla, cha kutumia nguvu au cha mtu aliye mikononi mwa polisi kichunguzwe mbele ya hakimu, na ndugu wanaweza kudai uchunguzi huo. Sheria hiyo hutumika mara chache mno kuliko inavyostahili. Tume ya Rais ni kitu kingine. Huundwa na Rais na ripoti hurudi kwake, na ndivyo ilivyokuwa kwa tume iliyoundwa Novemba 2025 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman kuchunguza umwagaji damu uliofuatia uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba. Kesi ya kikatiba ilikuwa njia pana zaidi, kwani mtu au shirika lingeweza kuwasemea wengine. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yalimtaka mlalamikaji aonyeshe kwamba yeye mwenyewe ameathirika, na hivyo shirika la aina ya LEAT lilitiliwa ugumu wa kusimama kwa niaba ya wachimbaji. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko Arusha, lakini Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu raia wake kuipelekea kesi moja kwa moja. Kwa wanaoishi kuzunguka migodi ya kampuni za kigeni imebaki pia mahakama ya ugenini. Wanavijiji wa karibu na mgodi wa North Mara, mkoani Mara, waliishtaki kampuni ya mgodi huo London mwaka 2013 kwa vifo na majeraha ya risasi, na mwaka 2015 madai yao yakamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama.