Mji Mdogo Si Lazima Uwe Mji wa Miguu

Wiki tatu nilizopotea ukumbini sikuwa mgonjwa, wala sijaacha kuandika. Nilikuwa Longisa.

Najua swali linalofuata, maana ndilo aliloniuliza bi mkubwa nilipompigia simu: "Ndiko wapi huko, mwanangu? Kuna bahari?" Bahari hakuna. Longisa ni mji mdogo wa kaunti ya Bomet. Ukitoka Mombasa unapanda treni ya SGR hadi Nairobi, kisha matatu inayoteremka Mai Mahiu, inapita Narok, inavuka Mulot mpakani mwa kaunti mbili, na kabla hujafika Bomet mjini, Longisa ndiyo hiyo. Wengi wanaijua kwa hospitali yake ya rufaa ya kaunti.

Hospitali ndiyo iliyotufikisha huko. Mama watoto ni muuguzi, naye amepata mkataba wa miaka mitatu. Mie diploma yangu ni ya uhasibu. Kazi ya vitabu vya hesabu ninayowafanyia wafanyabiashara wachache naweza kuifanya popote penye umeme na intaneti. Mtoto wetu yuko Gredi ya 4. Na bi mkubwa, miaka 74, tunakaa naye hapa Mishomoroni.

Pia lipo jambo la mwili wangu. Mwaka jana daktari aliniambia sukari imepanda, nitembee nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki. Hizo ndizo dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani huwashauri watu wazima wote. Lakini Mishomoroni natembea wapi? Ukitoka getini ni pikipiki, tuktuk, matatu na mtaro. Kwa hiyo nikajiambia, kama tunahama, basi tuhamie mji ambao mtu anaishi kwa miguu yake. Nilidhani jibu ni rahisi: nenda mji mdogo. Wiki tatu zimenifundisha kwamba mji mdogo na mji wa miguu ni vitu viwili. Wako wengi humu wanaofikiria kuhama jiji, wengine kwa kustaafu, wengine kwa kodi za nyumba, kwa hivyo naeleza nilivyopima.

Kipimo chenyewe siye watu wa pwani tulizaliwa nacho. Bi mkubwa alikulia Kibokoni, Mji wa Kale. Msikiti ulikuwa mlango wa tatu, chuo cha Qur'ani nyuma ya nyumba, duka pembeni, Marikiti si mbali, na jamaa zake wote walifikika kabla jasho halijatoka. Lamu bado wanaishi hivyo, vichochoro vya watu na punda. Miji hii haikupangwa kwa gari, ilipangwa kwa mtu na mzigo wake. Mwaka 2016 profesa mmoja wa Paris, Carlos Moreno, alitoa wazo la mji wa dakika 15, yaani mahitaji yako ya kila siku yawe ndani ya robo saa kwa miguu au baiskeli, na mwaka 2020 meya Anne Hidalgo akalifanya sehemu ya kampeni yake. Nilipomsimulia bi mkubwa alicheka. "Hao wamechelewa," alisema.

Basi hatua ya kwanza ni kuandika safari zako za wiki. Usiandike ndoto, andika safari. Mimi niliandika hivi: kazi ya mke wangu, shule ya mtoto, duka la mkate na maziwa, soko la mboga, duka la dawa, msikiti, steji ya matatu, wakala wa M-Pesa, na pahali pa kukaa na watu jioni. Tisa. Kila familia ina orodha yake. Asiye na mtoto hana haja ya shule, na mwenye shinikizo la damu ataweka zahanati juu kabisa.

Hatua ya pili, pima kwa dakika. Wakala wa nyumba atakwambia "ni karibu tu, kilomita moja." Mtu mzima mwenye afya hutembea kama kilomita tano kwa saa, kwa hiyo robo saa ni kilomita moja na robo hivi. Hiyo ni barabara tambarare. Sasa weka kilima, weka mzigo, weka magoti ya miaka 74. Kilomita ile ile inakuwa nusu saa. Longisa si Mombasa. Nchi yote ya Kericho na Bomet ni nyanda za juu, milima na mabonde, na siku tatu za mwanzo nilikuwa nahema kama aliyekimbizwa, huku watoto wa shule wakinipita na mabegi mgongoni wakinisalimu "chamgei". Hewa ya juu ni nyepesi kwetu tuliozoea usawa wa bahari. Mwili huzoea, lakini usipime mji siku ya kwanza ukaukatia tamaa, wala usiupime kwenye gari la mwenyeji wako.

Hatua ya tatu, tembea kila njia mara tatu: asubuhi, baada ya mvua, na giza likiingia. Hili ndilo lililonibadilisha mawazo. Nilipata nyumba nzuri, kodi nafuu kuliko ya Mombasa, uwanja wa kuanika nguo, jirani anafuga ng'ombe na ananiletea mursik kwenye kibuyu. Kutoka mlangoni hadi lango la hospitali nilihesabu dakika 11. Nikashukuru. Jioni mvua ikanyesha. Asubuhi udongo mwekundu wa njia ile ulikuwa sabuni. Dakika 11 zikawa 25, na viatu nilivibeba mkononi. Mke wangu atatoka zamu ya usiku kwa njia hiyo. Nyumba ile nikaiacha. Niliyoiona baadaye ni ndogo na kodi imezidi kidogo, lakini njia yake ina kokoto na ina nyumba za watu pande zote mbili. Unalipia njia kama unavyolipia chumba.

Hatua ya nne ni barabara kuu, na hapa naomba msomaji asiruke. Miji yetu midogo mingi ya bara imezaliwa na barabara. Maduka, steji, mama mboga, bodaboda, wote wamejipanga kandokando ya lami, kwa sababu riziki inapita hapo. Ndiyo maana inaonekana miji ya miguu, kila kitu kiko pamoja. Lakini kiko pamoja na malori pia. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, kaunti ya Kericho, lori lilipoteza mwelekeo likawaparamia wachuuzi, abiria na waendesha bodaboda waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walifariki. Hawakuwa wamefanya kosa lolote. Walikuwa sokoni. Na kote Kenya, wanaokufa kwa wingi zaidi barabarani si madereva wala abiria, ni watembea kwa miguu.

Longisa nayo imekaa juu ya barabara ya Narok na Bomet, inayopitisha mabasi na malori ya kwenda mpaka Kisii. Kwa hiyo nilijiuliza swali moja kwa kila safari katika zile tisa: je, lazima nivuke lami? Shule niliyoipenda iko ng'ambo. Shule niliyoichagua iko upande wetu. Mtoto wa Gredi ya 4 hawezi kukadiria kasi ya lori, na nikisema nitampeleka kila siku, najidanganya. Ukienda kutazama mji wako, simama saa moja unusu asubuhi mahali watoto wanapovukia. Dakika kumi zitakwambia mengi kuliko wakala wa nyumba.

Hatua ya tano, kubali kwamba yako ambayo miguu haitafika, kisha uyahesabu. Mji mdogo hauna kila kitu. Shughuli za Huduma Centre ni Bomet mjini. Ijumaa niliyokuwa huko nilikwenda kuisali Bomet mjini, kwa matatu. Kwa Muislamu wa pwani hili si jambo la pembeni. Hapa Mombasa adhana inatufuata hata tukiwa tumelala. Kule ni simu inayonikumbusha. Sala ya faradhi inasaliwa popote, alhamdulillahi, ardhi yote ni msikiti. Lakini kukaa na wenzako baada ya sala, kuulizwa "mbona jana hukuonekana?", hilo halitoki kwenye simu. Nimeliandika kama gharama: nauli ya Ijumaa, na mwalimu wa Qur'ani wa mtoto kwa njia ya simu mpaka tupate aliye karibu. Safari moja au mbili za matatu kwa wiki hazifanyi mji usiwe wa miguu. Safari za kila siku ndizo zinazofanya.

Nikajumlisha. Katika safari zangu tisa, saba zinafikika kwa miguu kutoka nyumba ya pili bila kuvuka lami zaidi ya mara moja. Mishomoroni, nilipohesabu kwa uaminifu, zilikuwa tatu. Ndani ya wiki tatu nimetembea kuliko miezi sita iliyopita, na kipimo cha sukari cha asubuhi kimeanza kushuka. Kwangu mie, kwa mke wangu na kwa mtoto, hesabu inakubali.

Lakini nilikuwa nimesahau kumuuliza mmoja.

Niliporudi nilimpa bi mkubwa karatasi yangu ya safari tisa. Akaisoma polepole, miwani puani, kisha akaniambia: "Hii ni yako, mwanangu. Andika na yangu." Tukaandika. Msikitini upande wa wanawake, Ijumaa. Kwa Bi jirani, kila alasiri. Kwa dada yake, Jumapili. Muuza samaki, ambaye humwekea changu. Mazishi na maulidi, yakitokea. Safari tano, na hakuna hata moja iliyoko Longisa. Mji unaonifungulia miguu mimi ungemfunga yeye. Angekaa ndani, akiangalia mvua na milima, akiningoja mie nimalize kazi nimtoe. Tena siku hizi magoti yanamruhusu barabara tambarare tu, na huko kilima kiko mlangoni.

Hilo ndilo sikulisoma popote nilipokuwa nauliza habari za miji ya kuhamia. Watu wanauliza, "Je, mji huu unatembeleka?" Swali halijakamilika. Unatembeleka kwa nani, na anakwenda kwa nani? Umbali wa msikiti au soko unaweza kuupima kwa saa ya mkononi. Umbali wa mtu anayekujua tangu ujana huwezi kuupunguza kwa kuchagua nyumba nzuri.

Tulivyoamua ni hivi. Mke wangu ataanza kazi, mie na mtoto tutamfuata, na nyumba tumepanga kwa miezi sita, hatununui kiwanja. Kila anayehama namshauri vivyo hivyo: panga mpaka uone msimu wa mvua na wa kiangazi, ndipo uzungumze habari ya hatimiliki. Bi mkubwa atahamia kwa dada yake Kibokoni, na hilo amelipokea kwa furaha iliyonitia wivu kidogo. Mwezi wa Disemba, shule zikifungwa, inshallah tutamleta Longisa kwa siku kumi, na nimeshatafuta njia moja iliyo tambarare, ya kutoka nyumbani hadi kwa yule jirani mwenye ng'ombe. Ni dakika nne kwa mwendo wangu. Mwendo wake tutaupima atakapofika.