Breki na Joto: Uchaguzi wa Pedi na Diski za Gari la Kasi katika Njia ya Tabora

Njia ya kale ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na Unyanyembe hadi Ujiji, haikujua breki. Mizigo ilichukuliwa na wapagazi, ambao kila mmoja aghalabu alibeba frasila mbili, yaani kadiri ya kilo 32. Mpagazi alipoteremka mlima, misuli ya mapaja yake ndiyo iliyozuia mwili na mzigo visiporomoke. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kazi hiyo ya kuzuia ikahamia kwenye chuma. Leo barabara ya lami hupita Manyoni na Itigi hadi Tabora, na humo huenda magari mepesi yenye injini za nguvu, kama Subaru Impreza, ambayo mengi huingizwa nchini yakiwa yamekwisha kutumika Japani. Pedi na diski za gari la namna hii zinapokwisha, mwenyewe hukuta dukani vipuri vya aina nyingi na bei mbalimbali. Ili achague vema, hana budi kwanza kuelewa kazi ya breki.

Breki hugeuza mwendo kuwa joto

Gari linalokwenda lina nishati ya mwendo, ambayo ni nusu ya tungamo lake ikizidishwa kwa mraba wa mwendokasi. Ichukuliwe gari lenye kilo 1,200 linalokwenda kilomita 100 kwa saa, sawa na mita 27.8 kwa sekunde. Nishati yake ni kadiri ya jouli 463,000, ambayo yatosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji ya kawaida. Mwendo ukipunguzwa nusu, nishati haipungui nusu bali hubaki robo tu. Ndiyo maana mwendo unapoongezeka kidogo, kazi ya breki huongezeka sana.

Nishati haipotei. Dereva akanyagapo pedali, mafuta ya breki husukuma pistoni, nazo pistoni huzibana pedi pande mbili za diski inayozunguka pamoja na gurudumu. Kani ya msuguano hugeuza nishati ya mwendo kuwa joto, na joto hilo huingia zaidi katika diski. Ikikadiriwa kuwa asilimia 70 ya kazi hufanywa na diski mbili za mbele, kila moja ikiwa na kilo 6 za chuma, basi kusimama mara moja kutoka kilomita 100 kwa saa kutazipandisha joto kwa nyuzi 59 hivi za Sentigredi. Hilo si jambo la kutisha.

Mteremko mrefu ni jambo jingine. Gari hilohilo likishuka mita 300 kwa wima, huku dereva akilizuia kwa breki peke yake, nishati inayopasa kumezwa ni zaidi ya jouli milioni 3.5. Kama hewa isingeondoa joto lolote, diski hizo zingepanda kwa zaidi ya nyuzi 440. Hewa huondoa sehemu ya joto hilo, lakini huhitaji muda.

Hatari mbili za njia moja

Msafiri wa nyanda za Tabora hukutana na hatari mbili zinazopingana. Ya kwanza iko milimani. Kwenye mlima Sekenke, barabara itokayo Singida huteremka kutoka nyanda za Iramba hadi mbuga ya Wembere kabla ya kufika Igunga na Nzega. Kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, kati ya Manyoni na Saranda, yuko mteremko mwingine mrefu kwa anayerudi pwani. Hapo pedi hafifu hupata joto kupita kiasi. Gundi inayoshika viungo vyake huanza kuungua na kutoa gesi, na msuguano hupungua. Dereva hukanyaga kwa nguvu, lakini gari halitii.

Hatari ya pili iko mahali tambarare, nayo husahauliwa. Katika barabara iliyonyooka dereva aweza kwenda kilomita nyingi bila kugusa breki, hata zikapoa kabisa. Ng'ombe au mtoto akikatiza ghafla, usalama wote hutegemea mkanyago wa kwanza. Pedi za mashindano, ambazo huuzwa kwa sifa ya kustahimili joto kali, hazishiki vema mpaka zipate joto kwanza. Katika uwanja wa mashindano hilo si kosa. Barabarani laweza kuleta kifo.

Kwa hiyo pedi inayofaa si ile ngumu kuliko zote, wala iliyo ghali kuliko zote. Ni ile inayoshika ikiwa baridi na isiyoregea ikiwa na joto la mteremko.

Kuchagua pedi

Pedi za kawaida ni za aina tatu. Zile za nyuzi zilizoshikwa kwa gundi ni tulivu na huitunza diski, lakini hushindwa mapema na joto. Zile zenye nyuzi na unga wa chuma huvumilia joto zaidi, ila hupiga kelele na kuila diski. Zile za seramiki huisha polepole na hutoa vumbi kidogo. Pedi za kale zilitiwa asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Kwa hiyo vumbi la breki lisipulizwe kwa upepo, bali lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Pedi nyingi huandikwa ubavuni herufi mbili, kwa mfano FF au GG. Herufi hizo huonyesha kizigeu cha msuguano, yaani uwiano wa kani ya msuguano na kani inayobana. Herufi E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, na G ni kati ya 0.45 na 0.55. Herufi ya kwanza huhusu joto la kawaida, ya pili joto kubwa. Pedi ya FE, basi, hulegea ipatapo joto. Ile ya FF hubaki katika daraja lake.

Kuchagua diski

Diski nyingi ni za chuma cha kusubu, ambacho vipande vya grafiti vilivyomo ndani yake hupitisha joto upesi. Diski yenye njia za hewa katikati hupoa haraka kuliko iliyo bapa, kwa hiyo yafaa kwa magurudumu ya mbele. Diski iliyotobolewa matundu hupendeza macho, lakini matundu hupunguza chuma cha kupokea joto, na nyufa zaweza kuanzia hapo. Diski ambayo fundi ameichonga kwa kerezo ipimwe: ikiwa nyembamba kuliko kipimo cha chini kilichoandikwa juu yake, itupwe.

Pedi na diski zibadilishwe kwa jozi, kulia na kushoto, gari lisivutwe upande mmoja. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230. Yakishapata unyevu, kipimo hushuka hadi nyuzi 155. Yakichemka, mvuke hujaa mirijani na pedali huzama bure. Na katika mteremko wowote, dereva atie gia ndogo mapema ili injini ishiriki kuzuia.

Tarehe 24 Juni 2002, katika mkoa wa Dodoma, treni ya abiria kwenye Reli ya Kati ilishindwa kuzuiwa na breki, ikarudi nyuma mteremkoni na kugongana na treni ya mizigo. Watu zaidi ya 200 walikufa. Breki za treni huendeshwa kwa hewa, si kwa mafuta, lakini sheria ya nishati ni ileile.

Zoezi

Mwanafunzi apande baiskeli yenye breki za mpira na kushuka mteremko mfupi huku akiibana breki, kisha aguse ukingo wa gurudumu kwa hadhari. Akokotoe nishati iliyomezwa, na aeleze kwa nini ukingo mzito ungepata joto dogo zaidi.