Malkia Strikers: Mbona Afrika Wanatawala Lakini Olimpiki Wananyoroshwa?

Kila Olimpiki stori huwa ile ile. Malkia Strikers wanaingia uwanjani, wanalimwa seti tatu bila, na kabla hata watoke, mtandao umejaa wasee wakisema hawa walienda kutalii. Ukiangalia hiyo gemu moja pekee, utadhani Kenya haina timu ya voliboli. Lakini soma rekodi yao yote, utapata picha tofauti kabisa. Rada ni hii.

Afrika ni mtaa wao

Hawa mabinti wamebeba ubingwa wa Afrika mara 10. Hakuna nchi ingine imewakaribia. Walianza 1991, wakarudia 1993, 1995 na 1997. Wakachukua tena 2005 na 2007, halafu 2011, 2013 na 2015 bila kuachia mtu, zote tatu hapa Nairobi.

Kisha Cameroon ikaingia mtaa. Fainali za 2017, 2019 na 2021 zote zilikuwa Kenya na Cameroon, na zote tatu Cameroon ikaondoka na kombe. Kisasi kilikuja 2023. Mashindano yalikuwa Yaoundé, nyumbani kwa hao hao Cameroon, na Malkia wakalichukua kombe huko huko wakichapa Misri 3-1 kwenye fainali.

Olimpiki sasa

Hapa ndio kunauma. Malkia wameenda mara nne: Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo na Paris 2024. Mechi walizoshinda? Sufuri. Tokyo walicheza tano, hawakupata hata seti. Paris wakapangwa na Brazil, Poland na Japan, na stori ikawa hiyo hiyo.

Lakini jiulize kwanza, wanacheza na nani? Voliboli ya Olimpiki huwa na timu 12 pekee za wanawake. Hakuna timu ndogo ya kupashia misuli. Ukitoka uwanjani baada ya Brazil, anayekungoja ni Poland.

Hao wapinzani pia hukutana kila mwaka kwenye Ligi ya Mataifa, wiki baada ya wiki, bora dhidi ya bora. Malkia hawako kwa hiyo ligi. Wengi wao wanacheza hapa nyumbani, kwa timu kama Kenya Pipeline, KCB, Prisons na DCI. Hizo timu zimesaidia sana juu mchezaji anapata kazi na mshahara, na KCB ilibeba hadi ubingwa wa klabu za Afrika 2022. Lakini kasi ya mpira wa ligi yetu si ile utakutana nayo Paris. Huwezi kuzoea kasi ambayo unaiona mara moja kwa miaka minne.

Gemu inaponyokea wapi?

Watu wengi hudhani shida ni mashambulizi. Zii. Shida huanza mapema, kwenye kupokea.

Mpinzani akipiga sevu nzito, mpira wa kwanza unapotea njia. Anayepaswa kuupanga anaanza kuukimbiza, na sasa kila mtu anajua utaenda kwa nani. Ukifika hapo, kuna mikono minne mirefu inakungoja juu ya neti. Neti ya wanawake ni mita 2.24, na ukikutana na dada wa futi sita na ushee ambaye tayari anajua unapiga wapi, hilo kombora lako linarudi kwako.

Voliboli pia haina pa kujificha. Kwa soka, timu ndogo inaweza kupaki basi dakika 90, ipate kona moja, iibe gemu. Huku kila mpira ukianguka kuna mtu anapata pointi, hadi mtu afikishe 25. Hakuna sare, hakuna kupoteza wakati. Aliyekuzidi kidogo atakuonyesha hiyo kidogo mara nyingi sana, na ndio maana matokeo hukaa mabaya kuliko gemu yenyewe.

Kombe la Dunia linasema nini?

Hapa timu huwa nyingi, kwa hivyo unakutana na wa kiwango chako. Cheki: 2018 kule Japan, Malkia walichapa Kazakhstan 3-0. 2022 kule Uholanzi, wakachapa Cameroon 3-0, wale wale waliokuwa wanatusumbua. 2025 kule Thailand wakanyorosha Vietnam 3-0, ingawa Ujerumani na Poland ziliwazidi. Na kabla ya hapo, 2015, walishinda kundi la tatu la World Grand Prix kule Canberra.

Umeona mpangilio? Ukiwapa timu ya saizi yao, wanashinda. Ukiwapa timu za juu kabisa duniani, wanachapwa. Wanachokosa ni gemu za katikati, zile ngumu ambazo unashinda leo na kupoteza kesho. Hizo ndizo humpandisha mchezaji.

Kwa nini ujali sai

Tiketi ya Paris haikuanguka kutoka mbinguni. Ilikuja kwa orodha ya ubora wa dunia, Kenya ikiwa timu ya juu zaidi Afrika. Kila mechi rasmi ya kimataifa huongeza au kupunguza pointi, hata zile hakuna mtu anatazama.

Kwa Los Angeles 2028 njia imenyooka zaidi: bingwa wa Afrika wa 2026 anaingia moja kwa moja. Ukikosa hilo kombe, unabaki kupigania nafasi chache na dunia nzima. Na Cameroon na Misri wanajua hesabu hiyo vile vile.

Kwa hivyo siku Malkia watacheza tena na jitu kama Brazil, usiangalie tu 3-0. Angalia ndani ya seti. 25-11 inamaanisha tulizidiwa. 25-22 inamaanisha kulikuwa na mapambano, na mpira mmoja au miwili ilitosha kugeuza mambo. Hatua ya kwanza ni kushinda seti moja Olimpiki, halafu ndio tuongee kuhusu mechi.