Ramani ya Zamani Ndani ya Ripoti Mpya

Vituo vya pamoja vya mpakani, kama vile Namanga kati ya Tanzania na Kenya, Mutukula kati ya Tanzania na Uganda, na Rusumo kati ya Tanzania na Rwanda, vimewakutanisha maofisa wa nchi jirani mahali pamoja. Kazi ya namna hiyo huzaa ripoti zinazovuka mpaka, na ripoti hizo siku hizi huandikwa kwa kompyuta, zikiwa na ramani na picha ndani yake. Hapo ndipo lilipo tatizo ambalo halina budi kufahamika kwa kila askari anayeandika ripoti, na zaidi kwa yule anayeitia saini.

Katika programu ya Microsoft Word, picha huingizwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuipachika, nayo ikawa sehemu ya waraka wenyewe. Ya pili ni kuiunganisha, yaani waraka huandikiwa mahali ilipo faili ya picha, kama vile karani wa masijala anavyoandika: tazama jalada fulani, kabati fulani. Faida yake ni dhahiri. Ramani moja ikirekebishwa, ripoti kumi zinazoielekea zaweza kurekebishika. Lakini jalada likihamishwa, maelekezo ya karani hubaki palepale, yakielekeza mahali patupu.

Kasoro hii huja kwa sura mbili. Wakati mwingine msomaji huona kisanduku chenye alama nyekundu ya mkasi. Huo ni ungwana, maana kosa limejitangaza. Sura ya pili ndiyo ya hatari: waraka huonyesha nakala ya zamani iliyohifadhiwa ndani yake, safi na yenye kupendeza, wala hakuna dalili kwamba ramani halisi imekwisha badilishwa.

Madhara ya ramani iliyopitwa na wakati yalidhihirika Belgrade, Yugoslavia, usiku wa tarehe 7 Mei 1999. Ndege ya Marekani ilipiga mabomu ubalozi wa China, na waandishi wa habari watatu wa Kichina wakauawa. Maelezo ya Marekani yalikuwa kwamba shabaha ilikuwa idara ya ununuzi ya serikali ya Yugoslavia, iliyokuwa mita mia kadhaa kutoka hapo. Ubalozi ulikuwa umehama mwaka 1996, lakini ramani ya serikali ya Marekani ya mwaka 1997 ilikuwa bado inauonyesha mahali pake pa zamani, na kumbukumbu za kompyuta, zilizotegemewa kutoa onyo, nazo hazikuwa zimerekebishwa. China haikuridhika na maelezo hayo. Kosa la Belgrade halikuwa la Word. Lakini asili yake ni ileile, yaani mahali pamebadilika na picha haikubadilika.

Uchunguzi wa picha isiyobadilika huanzia nje ya ripoti. Kwanza faili ya picha yenyewe ifunguliwe na kutazamwa tarehe yake. Mara nyingi mchoraji amehifadhi ramani mpya kwa jina jipya, na waraka unaendelea kuitii ile ya zamani, kwani haukuambiwa lolote. Kisha itazamwe njia iliyoandikwa katika orodha ya viungo. Diski ya pamoja inayoitwa P katika ofisi moja yaweza kuitwa Z katika ofisi nyingine, na hapo kiungo hukatika bila mtu kugusa kitu. Katika orodha hiyo hiyo huonekana kama kiungo kimefungwa kisisasishwe.

Yakiwa sawa hayo, waraka wote uchaguliwe kwa Ctrl na A, kisha ibonyezwe F9. Picha inayoelea juu ya maandishi yaweza isiitikie amri hiyo, nayo hurekebishwa kutoka katika orodha ya viungo. Zilizo katika kichwa cha ukurasa huhitaji kuchaguliwa peke yake. Waraka uliopokelewa kwa barua pepe aghalabu hufunguka katika hali ya ulinzi, ambamo viungo havisasishwi mpaka mpokeaji aruhusu uhariri. Uangalifu huo una maana, na haufai kuondolewa kwa ajili ya haraka.

Kabla ripoti haijavuka mpaka, viungo vikatwe ili picha zibaki ndani, au nakala ya PDF itolewe baada ya kusasisha. Jirani hana diski ya mtumaji, hivyo kiungo hakimfai kitu. Tena njia ya faili hubeba majina ya folda, pengine hata jina la askari anayetumia kompyuta hiyo, na hayo husafiri pamoja na waraka hadi kwa yeyote atakayeufungua.